Wanene wa Mpakani

Nina tabia moja na sioni aibu kuisema: napenda kuangalia miili ya watu. Nikikaa stendi ya Tunduma nusu saa, bila simu wala mtu wa kuongea naye, nimeshiba. Macho yangu huanza shingoni, yanashuka kiunoni, yanamalizia kwenye vifundo vya miguu. Yakifika chini nimeshajua huyu anakula vizuri au anajikongoja, ametoka kujifungua au anakaribia, na kama ule unene ni mwili wake au ni mzigo.

Hilo la mzigo nilieleze, maana mtu wa Dodoma hawezi kulijua. Hapa kwetu mwanamke anaweza kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, asubuhi akiwa mwembamba, akarudi mchana akiwa mnene. Hajala kitu. Amejifunga vitenge mwilini, kimoja juu ya kingine, kuanzia chini ya matiti mpaka mapajani, halafu juu akavaa gauni pana na sweta. Watu wa forodha wakifungua begi lake wanakuta nyanya na sabuni ya kipande. Ni njia ya zamani na kila mtu anaijua, wao wenyewe wakiwemo, ila kumpapasa mama wa watu barabarani si kazi ya kukimbilia. Na wao wana mama zao.

Mimi niliifanya kazi hiyo ujanani kwa miaka kadhaa. Leo nauza mchele, nina meza yangu sokoni, naweza kuyasema haya bila kutetemeka. Nilikuwa mwembamba kupita kiasi. Shuleni waliniita kimbaumbau, na nyumbani shangazi mmoja alikuwa hanisalimii bila kuniuliza kama nina minyoo. Lakini mpakani mwili wangu ulikuwa mali. Niliweza kubeba vitenge sita na bado nikaonekana mama wa kawaida aliyekula akashiba. Siku ya kwanza nilipovuka navyo, dereva mmoja wa lori alinipisha njia akasema, "Pita, mama." Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Jamani, nilitembea polepole makusudi. Nilipofika chumbani sikuvivua mara moja, nilikaa navyo kitandani nikijishika kiuno mpaka jasho likanishinda.

Mdogo wangu hakuhitaji vitenge. Alikuwa tipwatipwa tangu ananyonya. Tulikulia Mbozi, na wageni walipokuja mama alimwita yeye kwanza aje asalimie, mimi nikaambiwa nilete maji ya kunawa. Wageni wanamfinya mashavu, wanasema mtoto huyu ametunzwa. Sisi sote tulikula sufuria moja! Nilimwonea wivu, na nausema kama ulivyokuwa. Wivu huo ndio ulionipa mdomo. Mtu akiwa hana mashavu ya kufinywa anatafuta kitu kingine cha kuwafanya watu wamtazame, na mimi nilijifunza kuchekesha watu kwa miili ya wenzangu.

Alipoolewa huko Ruanda, kata ya kwetu Mbozi yenye kahawa, alizidi kunawiri. Mama mkwe wake alipenda kuongozana naye kwenda kanisani, anamtanguliza mbele. Kwetu mke akinenepa ni sifa ya nyumba nzima: kuna chakula, kuna amani, mume hapigi. Akikonda, watu hawamuulizi yeye. Wanamtazama mume, wanamtazama mama mkwe, halafu wanaanza kunong'ona, na hapa kwetu kwenye barabara ya malori mnong'ono huo una jibu moja tu. Wanasema ana ule ugonjwa. Hawapimi mtu, wanapima kwa macho, kama mimi.

Basi mwaka huu, mwezi wa saba, binti yake mkubwa alinipigia simu.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo?"

"Hatujambo, ila mama anakonda."

Nilicheka. Mdogo wangu akonde? Nikamwambia, "Mama yako akipungua kilo mbili ninyi mnapiga yowe. Mwache apumue."

Hakucheka. Akasema mama yake anaamka usiku kunywa maji mara nne, mara tano. Kahawa imeiva na yeye hawezi kujaza hata ndoo moja, anakaa chini ya mti katikati ya kuchuma. Alikuwa amempeleka zahanati wiki iliyopita. Kabla hawajaandikishwa, wanawake waliokaa kwenye benchi wakamshangaa: "Jamani, mama fulani, mbona umeisha hivyo?" Mmoja akamvuta sweta kuona mkono. Mdogo wangu akageuka akarudi nyumbani, hakumwona hata daktari. Tangu siku hiyo hataki kusikia habari ya hospitali.

"Amekubali jambo moja tu," mtoto akasema. "Aje kwako Tunduma, huko hajulikani, apimwe huko. Lakini amesema mtu yeyote asimtamkie neno juu ya mwili wake. Hata wewe, mama mkubwa. Hasa wewe. Akisikia neno moja anarudi, na akirudi mimi simuwezi tena."

Hilo "hasa wewe" lilinichoma, lakini nililimeza. Usiku huohuo mdogo wangu mwenyewe akanipigia. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Dada, nakuja Alhamisi. Sitaki maneno."

"Maneno gani tena?"

"Unayajua."

Nikaahidi. Niliahidi kwa moyo wote, Mungu ananiona. Ila kichwani bado nilikuwa na yule mdogo wangu wa siku zote, mashavu, mikono, kicheko kinachotikisa kifua. Niliposema nitamsubiri stendi, huyo ndiye niliyekuwa nitamsubiri.

Alhamisi nilifika saa tatu, nikakaa kwenye benchi la rafiki yangu anayeuza chai na chapati. Huyu amezaliwa Nakonde, ameolewa upande huu, na Kiswahili chake kina Kibemba ndani yake. Akikataa anasema "awe", akishangaa anaita "mayo!" Tulivuka pamoja enzi za vitenge, tunajuana. Yeye akinimiminia chai na mimi nikiwa na macho yangu, mchezo wetu ni uleule wa miaka yote: nani mnene wa kweli, nani mnene wa Nakonde.

Kulikuwa na baridi na vumbi, upepo wa mwezi wa saba. Foleni ya malori ilikuwa imejaa barabara mpaka haionekani mwisho. Madereva walikuwa wamesimama pembeni wakipiga miswaki. Dereva wa lori ana mwili wake wa peke yake, umetengenezwa na kiti: tumbo mbele, mgongo bapa, na miguu myembamba. Akapita wakala mmoja wa forodha na faili lake amelilaza juu ya kitambi. Nilipokuwa msichana kitambi kile kingemfanya aitwe mheshimiwa. Siku hizi hata watoto wake watakuwa wanamwambia aache soda. Akapita binti wa suruali ya kubana, kiuno chembamba, nyuma kumejaa, bodaboda wote wakafunga breki kwa pamoja. Yule hataki kuambiwa amenenepa. Ukimwambia mtakosana mwaka mzima, wakati bibi yake angekushukuru kwa neno hilohilo.

"Yule?" rafiki yangu akanionyesha kwa kidevu mama mmoja anayepanda pikipiki.

"Wa kweli," nikasema. "Angalia anavyokaa. Anajua mwili wake ulipo."

Unene wa kweli unatikisika na umeenea kila mahali, mpaka vidoleni. Wa vitenge unatembea wote kwa pamoja, kama debe, na mwenyewe anakaa kama anakalia mayai. Kisha unatazama shingo. Mtu anaweza kujifunga kiuno atakavyo, shingo hawezi kuifunga.

Mimi mwenyewe nilipata unene wa kweli baada ya mtoto wa nne. Nilikuwa nimeuomba tangu utotoni, ukaja, nikafurahi miaka miwili, halafu magoti yakaanza kulia. Sasa binti yangu ananiambia nipunguze wali, na mimi ndiye muuza mchele. Wakati mwingine nikikaa pale stendi nafikiri kwamba hakuna mtu aliyewahi kuwa na mwili wa kiasi. Ukiwa mwembamba una minyoo, ukinenepa umejiachia, ukipungua unaumwa, ukibaki ulivyo, unaulizwa mbona hubadiliki. Hayo nayafikiri, nayaona ni ya kweli kabisa, halafu anapita mtu na mdomo wangu unafunguka.

Ilikuwa kama saa nne na nusu. Nilikuwa natazama upande wa magari ya kutoka Vwawa, maana mdogo wangu angeshukia huko. Rafiki yangu akanigusa bega. Kutoka upande wa pili, upande wa mpakani, alikuwa ameingia mwanamke wa gauni la maua na sweta la kijivu, mtandio kichwani umeshuka mpaka kwenye nyusi. Akasimama katikati ya stendi, ametupa mgongo, anatafuta kitu kwa macho huku na huku. Kiuno kipana, nyonga zimekaa mraba. Lakini mkono ulioshika begi ulikuwa wa mifupa mitupu, na vifundo vya miguu vilikuwa kama vya mtoto wa darasa la tatu. Halafu chini ya gauni, upande wa kushoto, nikaona pindo la kitenge cha bluu limeanza kushuka.

"Mayo!" rafiki yangu akasema. "Huyu leo anaacha mzigo hapa."

Zamani, mwenzako akishukiwa na mzigo, ulimsogelea ukamnong'oneza, au ulimwambia kitu kingine kabisa, kwamba mtoto wake analia, naye alijua maana yake. Ndivyo tulivyolindana. Ningeweza kunyanyuka nikamfuata. Lakini rafiki yangu alikuwa ameshaanza kucheka, na bodaboda wawili waliokuwa wanakunywa chai walikuwa wananisubiri, wananijua. Kicheko cha watu kina utamu wake. Nikapaza sauti.

"Dada wa sweta! Kaza mzigo, unajifungua kabla ya siku zako!"

Benchi zima likaanguka kicheko. Bodaboda mmoja akapiga mluzi, mwingine akaita, "Mpisheni mama, anazaa kitenge!" Watu wakageuka. Yule mwanamke akashika ubavu wake kwa mkono, akageuka na yeye.

Alikuwa mdogo wangu.

Sikumjua kwa uso. Nilimjua kwa anavyosimama, mguu mmoja mbele kidogo, kama alivyosimama jikoni kwa mama. Uso ule ulikuwa umeingia ndani, macho yamekuwa makubwa. Foleni ya malori ililizuia gari lake kukata kuingia stendi, likawashusha mbele kabisa barabarani, ndiyo maana alirudi kwa miguu kutokea upande wa mpakani. Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua kitu kimoja tu, kwamba nimevunja ahadi yangu mbele ya stendi nzima.

Aliniangalia. Watu bado walikuwa wanacheka.

"Shikamoo, dada," akasema.

Marahaba haikutoka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze mimi na benchi. Yeye akasubiri kidogo, kama mtu mwenye adabu anayesubiri kuitikiwa, kisha akageuka akaenda kule konda alikokuwa anaita, "Vwawa, Mlowo, Mbozi, gari inaondoka!" Anatembea ameshikilia ubavu, kitenge kinamfuata mguuni.

Nikakurupuka. Chai ikamwagika, sijui ya nani. Nilikimbia, na mimi kukimbia kwangu si jambo la siri. Nyuma nikasikia sauti, "Mama taratibu, utapasua lami!" Na kile kicheko, kilekile nilichokuwa nimekitengeneza mwenyewe dakika mbili zilizopita, sasa kilikuwa changu. Kilinishika mgongoni mpaka mlangoni mwa gari. Sikuwahi kujua kina uzito kiasi hicho.

Alikuwa amekaa kiti cha nyuma, dirishani, mtandio ameuvuta zaidi. Nikaingia nikakaa pembeni yake.

"Nilisema sitaki maneno," akasema bila kunitazama.

"Sikukujua, mdogo wangu. Haki ya Mungu sikukujua. Nilidhani ni mtu tu."

"Mtu tu."

"Ungekuwa wewe nisingesema."

"Ungenijua, ungeyasema nyumbani."

Mimi nikibanwa na ukweli napata hasira. Nikaanza kumfokea kwa sauti ya chini, kwamba haya, turudi wote, twende Ruanda tukakae chini ya mibuni tunywe maji mpaka kifo kitukute, na watoto wake nitawalea kwa mchele. Nilipotaja watoto nikalia. Nililia vibaya, kwa kelele, na abiria wa mbele wakageuka kutuangalia.

"Unanibana," akasema.

"Nakubana ndiyo. Sina pa kwenda, nilivyo ndivyo nilivyo."

Hakucheka, ila bega lake lililegea kidogo. Konda aliendelea kuita watu nje. Kupitia sweta nilihisi vile vitenge, vigumu, tabaka juu ya tabaka, na ndani yake sikuhisi mtu.

"Viko vingapi?" nikamuuliza.

"Vinne. Na shuka la mtoto."

"Mimi nilifikisha sita."

"Wewe ulikuwa unavivua ukifika nyumbani."

"Na wewe?"

"Mimi navivua taa ikishazimwa." Akashusha sauti, akasema, "Baba watoto anadhani nasikia baridi."

Kwetu Mbozi kipindi hiki baridi inauma kweli, mtu akivaa nguo tatu hakuna wa kumshangaa. Alikuwa ameficha ugonjwa mzima ndani ya baridi ya mwezi wa saba. Nikamwambia twende hospitali, sitafungua mdomo wangu mpaka nife. Akatikisa kichwa. Akasema hawezi kushuka, wale vijana wote sasa wanajua kilicho chini ya gauni lake, ameshavuliwa nguo, hospitali gani tena. Alisema hivyo taratibu kabisa. Nilijua nimeharibu kabisa. Binti yake aliniambia, akirudi safari hii simuwezi, na mimi ndiye niliyekuwa namrudisha.

Konda akaingiza kichwa. Gari lilikuwa limejaa, bado abiria mmoja.

"We bonge hapo nyuma, unasafiri au umekuja kulia? Umekalia viti viwili."

Kabla sijameza mate, mdogo wangu alikuwa amesimama nusu, kichwa kimegonga dari.

"Unamwita nani bonge? Huyo ni mama yako kwa umri! Mwili wake umekukosea nini? Kama huna adabu, uliza, utafundishwa!"

Konda akasema samahani, mama, ilikuwa utani tu. Mdogo wangu akabaki amesimama vilevile, anahema, mkono mmoja kwenye ubavu. Nadhani alisikia alichokisema baada ya kukisema. Mimi nilikisikia palepale. Nilikuwa nimemtukana mbele ya watu, na yeye hakuweza kuvumilia mtu anitukane mimi kwa nusu ya neno.

"Inuka," akaniambia. "Tunashuka."

Tulishuka. Tulipita mbele ya wale bodaboda, nami nikawa upande wao, nimemkinga na mwili wangu wote, walau kwa hilo unafaa. Hakuna aliyecheka. Mmoja alisema, "Pole, mama," na mdogo wangu akamwitikia.

Rafiki yangu wa chai ana kistoo cha mabati nyuma ya jiko, anaweka mkaa na unga. Alitufungulia bila kuuliza kitu. Humo ndani mdogo wangu alivua. Mimi nilishika, kimoja kimoja, vikiwa na joto lake. Cha bluu, cha njano chenye ndege, viwili vya kijani vya sare ya kwaya, na lile shuka. Ngozi ya kiuno ilikuwa na alama nyekundu za mafundo. Mbavu nilizihesabu bila kutaka. Nimeangalia miili ya watu maisha yangu yote, na ule nilitazama pembeni, nikatazama magunia ya unga, mpaka akasema, "Angalia tu, dada. Ndivyo nilivyo."

Nikaangalia. Sikusema neno. Nadhani ni mara ya kwanza.

Alivaa gauni peke yake, likamning'inia, nikamfunga sweta. Rafiki yangu akampa chai, mdogo wangu akasema anataka maji. Akanywa vikombe vitatu bila kupumzika. Rafiki yangu akamtazama anavyokunywa, akatikisa kichwa. "Awe," akaniambia pembeni, "hivi ndivyo alivyokuwa anakunywa mama yangu. Mpelekeni apimwe sukari."

Kituo cha afya tulikwenda kwa miguu, polepole, nimebeba vitenge vyake kwenye begi. Watu walimtazama. Nilikuwa nawaona wanavyoanzia shingoni. Yeye alitazama mbele. Tulipofika karibu na geti alinishika mkono, akaendelea kuushika hata tulipokaa kwenye benchi.

Nesi aliyetupokea alikuwa msichana mdogo, mpole. Hakushangaa kitu, na kwa hilo nilitaka kumbusu. Alimtoboa kidole, akaweka tone kwenye kile kimashine, akasubiri. Kisha akaenda kumwita daktari bila kukimbia. Daktari akasema ni sukari, imepanda sana, angechelewa wiki nyingine tungekuwa tunazungumza mengine. Akasema atalazwa siku kadhaa, atawekewa maji na kuanzishiwa dawa, na akizifuata ataishi na watoto wake. Mdogo wangu alisema, "Asante, daktari," kama mtu aliyepewa kiti. Akalala kitandani, akafumba macho, na mimi nikapumua kwa mara ya kwanza tangu saa nne na nusu.

Nesi alirudi na karatasi yake, akavuta kiti. Alikuwa na maswali ya kujaza.

"Mama, ulianza kupungua lini?"

"Mwezi wa kumi na mbili," mdogo wangu akasema. "Wakati wa palizi."

Hapo ndipo nilipoingilia. Mdomo wangu! Lakini niliona ni kosa, na dawa hutolewa kwa maelezo sahihi.

"Hapana, nesi," nikasema. "Amechanganya, amechoka tu. Pasaka nilikuwa nyumbani kwake siku mbili nzima. Tulikwenda kanisani pamoja, tulikula pamoja, alikuwa mnene kuliko mimi. Mimi naangalia sana watu, ningeona."

Nesi akasimamisha kalamu, akamtazama mgonjwa wake. Mdogo wangu alifumbua macho. Hakunigeukia, alimjibu nesi, kwa sauti ileile ya kawaida aliyokuwa anajibia maswali mengine.

"Siku za kawaida nilikuwa navaa vitenge viwili," akasema. "Pasaka nilivaa vitano. Nilisikia dada anakuja."